Shangazi Aliyebaki Mgongoni

Enzi zetu kule Mulimbi, mtu hakuwa na siri ndefu kuliko pumzi yake. Ukitaka kumwambia mwenzako jambo na yeye yuko kilima kingine, unatoka nje, unaweka mikono mdomoni, unaita, na dunia nzima inasikia. Wenzangu tuliozaliwa kule juu, mlioko Fort Worth, Arlington, Houston na kwingine kote mlikotupwa, mnajua ninachosema. Watoto wetu hawajui. Juzi mwanangu alinitumia ujumbe wa simu kuuliza kama chakula kimeiva. Yeye yuko chumbani, mimi niko jikoni. Kati yetu kuna ukuta ambao hata panya akikohoa upande wa pili unamsikia.

Basi naandika haya kabla sijasahau. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo mkiona nimeandika kama ninavyoongea msinicheke. Nataka kuandika habari ya Shangazi Maombi, dada wa baba yangu, maana bila yeye nisingekuwa na kidole cha kushikia kalamu. Na waliotuharibia kijiji nitawataja kwa majina. Miaka mingi nimenyamaza kwa ajili ya heshima. Heshima imenichosha.

Mulimbi ilikuwa juu kabisa kwenye milima ya Kivu, juu ya pale ambapo migomba inakata tamaa. Ndizi tulikuwa tunaziona zikipanda kutoka chini vichwani mwa watu, kama wageni. Sisi tulikuwa watu wa viazi, maharagwe na mianzi. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia nyumbani bila kubisha hodi, unakaa nanyi karibu na moto kama mjomba aliyekuja kula. Mama alikuwa anafukia viazi kwenye majivu ya moto, na sisi tunavitoa kabla ya wakati, tunavirusha kutoka mkono huu kwenda mkono huu. Mama anasema: "Kiazi cha moto hakijui mutoto wa nani. Pulizia kwanza." Mpaka leo nikila viazi vya kukaanga hapa Texas, vile vyembamba kama njiti, napuliza. Wanangu wanacheka. Waache wacheke. Hawajawahi kuungua na kitu kizuri.

Mvua ikinyesha tulikuwa tunafunga vipande vya mianzi pamoja, tunakalia, tunateleza kutoka kwa Mzee Bulambo mpaka kisimani. Kaptula zote za Mulimbi zilikuwa na madirisha nyuma. Mama anashona kiraka leo, kesho kimeshuka mlima. Shuleni kila mtoto alikuwa anakuja na kuni moja mkononi. Ukija mikono mitupu unakaa mlangoni, unafundishwa na upepo. Mwalimu alikuwa mmoja kwa madarasa yote, na alikuwa akipiga kofi moja linaloingia madarasa mawili. Hatukujua kwamba hiyo ni taabu. Tulidhani ndiyo dunia yenyewe, na tuliipenda.

Sasa sikieni kijiji kilivyokaa, maana habari yangu yote iko hapo. Chini kabisa, kando ya barabara, palikuwa na Kizibani, penye soko. Juu kabisa tulikuwa sisi wa Mulimbi. Katikati palikuwa na mgongo wa mlima, upepo mtupu, na nyumba tatu tu. Tulipaita Mgongoni. Sauti ya Kizibani haifiki Mulimbi hata uwe na kifua cha fahali. Lazima ipumzike Mgongoni. Mtu wa Kizibani anaita, wa Mgongoni anapokea, anageuka, anaitupa kwetu juu. Sisi nasi tukiwa na neno tunalishusha vilevile.

Na kulikuwa na adabu yake. Unaita jina la kilima kwanza. Ukiitikiwa unatoa neno dogo, unanyamaza. Anayepokea analirudia kama lilivyo. Asiporudia, huendi mbele. Na ukimaliza huondoki mpaka usikie neno la mwisho limekurudia, ndipo unajua mzigo umefika. Huongezi kitu. Hata huruma huongezi.

"Mulimbiiii!"

"Eeee!"

"Mama Sifa!"

"Mama Sifa!"

"Mbuzi yako!"

"Mbuzi yako!"

"Iko mu maharagi!"

Mama Sifa amekwisha kuanza kukimbia, lakini wa Mulimbi lazima amalizie: "Iko mu maharagi!" Hata kama mwenye mbuzi, mbuzi na mwenye maharagwe wote wamesikia.

Kulikuwa na kijana mmoja, Heri, alipeleka watu kuposa binti Kizibani. Jibu likapanda kwa sauti, kipande kwa kipande. Mwambieni Heri. Binti. Amekataa. Anasema. Miguu yako. Ni mifupi. Kila kipande tulikisikia mara mbili, mara ya Mgongoni na mara yetu ya kurudia. Yule mume wa Shangazi Maombi, ambaye ndiye alikuwa mwitaji wa Mgongoni siku hizo, akaongeza mwishoni: "Pole!" Wazee walimsema mwezi mzima. "Pole" haikutumwa, kwa nini ameituma? Leo Heri ana wajukuu huko Pearland, ana nyumba ya gorofa, na miguu bado ni mifupi.

Huyo mume wa Shangazi alikufa kwa homa miaka ya tisini ilipoanza. Shangazi akabaki na binti mmoja, Furaha, ambaye ni rika langu. Akashika kazi ya mumewe ya kuita. Watu walisema mwanamke hawezi, kifua chake kidogo. Wiki ya kwanza aliita kilima chetu saa ya chakula, na mbwa wote wa Mulimbi wakaingia uvunguni. Hakuna aliyesema tena.

Sasa hapa ndipo waharibifu wanapoingia.

Wa kwanza ni Mutanga. Mutanga alikuwa mfanyabiashara wa Kizibani, mtu wa viatu vyeupe katika nchi ya tope. Alikuwa akipanda kwetu anawaita vijana: njooni mkachimbe dhahabu, huko chini ya milima ya pili, mtarudi na mabati na mabibi wa kuoa. Vijana walishuka naye wakiimba. Waliorudi nawafahamu, maana ni wachache. Wengine mashimo yaliwafunika. Kila alipopanda Mutanga, nyumba mbili tatu zilibaki na wazee na mbuzi. Familia mbili za Mgongoni ziliondoka hivyo, baba na wana, halafu mama akawafuata kutafuta walikopotelea.

Wa pili ni Kapita Lukelo. Kapita kwetu ni mtu wa chifu, ndiye anayesimamia kijiji. Huyu alipewa neno huko mjini kwamba watu wa milimani washuke wakae kando ya barabara, ili serikali iwaone. Akatuambia kuitana kwa sauti ni ushenzi, wenzetu wana redio. Redio alikuwa nayo yeye. Nusu ya watu walishuka wakajenga Kizibani, nyumba zimebanana kama meno. Serikali haikuwaona. Waliowaona ni wengine, nitafika huko.

Pale Mgongoni akabaki Shangazi peke yake. Na mimi nilikuwepo, nimekaa mlangoni kwake nikimenya mahindi, siku ile Kapita alipomfuata.

"Maombi," akasema, "shuka basi. Mwanamke mumoja anachunga upepo? Hata nyani banakuhurumia."

Shangazi hakuinua macho kwenye maharagwe yake. "Nyani angalau banaitika, Kapita. Weye nikikuita unazima redio?"

Kapita akatema mate akaenda. Lakini aliyemwumiza Shangazi hakuwa Kapita. Alikuwa baba yangu, kaka yake wa damu. Alikuja jioni ya siku nyingine akiwa na hasira ya kweli, ile hasira ya mtu anayeogopa.

"Dada, ukivunjika mguu huku nani atakuokota? Shuka Kizibani ao panda kwetu. Chagua."

"Nikitoka hapa, ninyi juu munakuwa viziwi."

"Tutashuka wenyewe kuuliza habari."

"Mutashuka kuuliza," akasema Shangazi, "na habari itakuwa inapanda kwa njia ingine. Mutapishana nayo."

Baba akamwambia neno ambalo alilijutia mpaka kufa kwake: kwamba amekuwa kichaa kwa sababu ya ujane. Shangazi akamwambia, "Ndiyo, kaka. Kunywa uji wako kwanza, umepanda mulima." Akamjazia kibuyu.

Akabaki. Na mjue kubaki kwake kulikuwa vipi. Shamba lake zuri lilikuwa bondeni, penye udongo mweusi. Akaliacha, akalima mawe ya mgongoni, kwa sababu bondeni hausikii mtu akikuita. Sokoni hakwenda, alikuwa anatuma. Akamleta Furaha kwetu asome, akawa analala na mimi na ndugu zangu kwenye mkeka mmoja, na usiku wa kwanza alilia mpaka Mama akamwimbia. Kila asubuhi kabla ya shule Shangazi alikuwa akiita: "Furaha wangu! Ameamka?" Na sisi watoto wote tunamrudishia, tukigombania: "Ameamkaaa!"

Dada yangu mkubwa alipoolewa, Mulimbi nzima ilicheza. Shangazi hakuja. Hakukuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Lakini jua lilipoanza kulegea tukasikia kutoka kule ng'ambo: "Mulimbiiii!" Tukaitika. Akaanza kuimba wimbo wa bibi harusi, ule shangazi anaopaswa kumwimbia. Akaimba mstari mmoja akanyamaza. Mzee Bulambo, mwitaji wetu, mtu wa majivuno na sauti ya mbuzi, akasimama akaurudia mstari. Shangazi akaimba wa pili. Mzee Bulambo akarudia. Mstari wa tatu watu wote tukarudia naye, na ngoma ikanyamaza yenyewe. Wimbo ule una mistari mingi. Dada yangu alilia mpaka rangi yake ya usoni ikachora njia. Mimi nimekwenda harusi nyingi hapa Dallas, zile za ukumbi wenye taa za rangi, di-jei anapiga mpaka meno yanatikisika, watu wanarekodi kwa simu mpaka bibi harusi haonekani. Nzuri. Sijasema ni mbaya. Lakini wimbo uliovuka bonde kuja kunitafuta nimeusikia mara moja tu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kupanda maharagwe. Ukungu mzito. Mama alikuwa anachagua mbegu mlangoni, baba ametangulia shambani. Mzee Bulambo alikuwa na homa, amelala. Tukasikia Shangazi anaita, na Mama, ambaye hakuwahi kuwa mwitaji, akanyanyuka akaitika mwenyewe.

"Mulimbiiii!"

"Eeee!"

"Bantu ba bunduki!"

Watu wenye bunduki. Mama akashika mlango. Lakini akarudia. "Bantu ba bunduki!"

"Banapanda!"

"Banapanda!"

"Na njia ya muto!"

"Na njia ya muto!"

Shangazi alikuwa amewasikia wakipita chini yake. Njia ya mto ndiyo njia ambayo sisi tungekimbilia. Ndiyo njia yetu ya siri, imefichwa na majani, na watu wa nje hawaijui. Mutanga ndiye aliyewaonyesha. Namwandika hapa kwa jina kwa sababu waliomwona akitangulia mbele yao na viatu vyake vyeupe bado wako hai, na wengine wanasali kanisa moja na mimi.

Watu walikuwa wanatoka majumbani, wanasimama wamekauka. Mama akavunja adabu. Akapiga kelele: "Maombi, kimbia! Kimbia weye!"

Na kutoka kule kwenye ukungu Shangazi akajibu kwa ukali, kama mwalimu: "Rudia! Mupite mianzini!"

"Maombi, nakuomba..."

"Rudia!"

Maana alijua. Mtu aliyeogopa husikia nusu. Kama tungesikia nusu tungekimbilia mto, tungekutana nao uso kwa uso. Alitaka neno limrudie ndipo ajue tumelipata. Na kila neno lilikuwa linamshikilia pale juu ya mgongo mtupu, sauti yake ikiwaonyesha walioko chini mahali alipo. Mama akalijua hilo. Akalia, na kilio kikiwa ndani ya sauti akaita: "Mupite mianziniii!"

"Musibebe kitu!"

"Musibebe kitu!"

"Furaha wangu!"

Hapo Mama alimkamata Furaha mkono, akamwinua juu kama vile mtu angeweza kuonekana katika ukungu ule. "Furaha wako! Ninaye!"

Kukawa kimya. Halafu milio ya bunduki, upande wa Kizibani kwanza.

Tukapita mianzini. Hatukubeba kitu. Mbegu za maharagwe zilibaki mlangoni katika ungo, na nadhani ndege walishukuru. Baba alitukuta njiani. Alipoelewa nani aliyeita, akageuka kurudi Mgongoni, na ilibidi wanaume watatu wamshike, huku anapiga kelele kwamba alimwita dada yake kichaa. Mulimbi yote ilitoka hai siku ile. Wote. Hata Mzee Bulambo na homa yake, amebebwa mgongoni kama mtoto, anatoa amri. Wa Kizibani, wale walioshushwa barabarani waonekane, hawakupata mtu wa kuwaita, maana walikuwa wamezingirwa kabla Shangazi hajasikia kitu. Sitawataja mmoja mmoja, wenyewe mnawajua, na mnajua ni nani kwenye familia yenu. Kapita Lukelo yeye hakuwepo. Mbuzi wake walikuwa wamehamishwa kabla ya siku hiyo, na redio yake na mke wake. Alijua. Hakufungua mdomo.

Tulitembea ndani ya msitu siku nyingi tukielekea ziwani. Furaha alikuwa haongei. Mama alikuwa anamshika mkono hata akilala. Halafu mchana mmoja tumewasha moto mdogo, tunachoma viazi vya kuiba katika shamba la mtu, akatokea mwanamke kwenye majani, tope mpaka nywele, anachechemea. Alikuwa amejificha kwenye kinamasi, maji mpaka shingoni, mpaka walipokwisha kupita. Sauti haikuwepo kabisa, imekwisha yote. Basi akaanza kututukana kwa mikono: akauonyesha moto, akaonyesha moshi, akaonyesha mbinguni, akajigonga kichwa. Wapumbavu ninyi, mnawasha moto watu waone! Baba alianguka miguuni kwake. Shangazi akamruka akaenda kumkumbatia Furaha, halafu akaukanyaga moto wetu kwanza mpaka ukafa, ndipo akarudi kwa kaka yake, akamwinua.

Nimekula vitu vingi tangu siku hiyo. Kile kiazi kibichi nusu, kilichoungua nusu, nilichokula nimeegemea mgongo wa Shangazi, bado sijapata kingine kama hicho.

Kambi sitaielezea. Anayeijua anaijua, asiyeijua asiombe. Miaka ilipita huko. Baba tulimzika huko. Sauti ya Shangazi ilirudi taratibu, ikiwa na mkwaruzo kama mlango wa bati. Mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili tukaletwa Fort Worth, Shangazi na Furaha na mimi na mke wangu, tukapewa apatimenti mbili zinazotazamana na uwanja mkubwa wa magari.

Wiki ya kwanza hapo Shangazi aliona mwanamke mwenye kitenge kwenye baraza ya jengo la ng'ambo. Mkongo mwenzetu, tulikuja kujua. Shangazi akatoka nje kwenye baraza yetu ya juu, akaweka mikono mdomoni, akamwita kama anavyojua, kumuuliza kama ana chumvi. Texas ilisimama. Watu walitoa vichwa madirishani. Mtu mmoja akapiga simu polisi, kwamba kuna mwanamke anauawa.

Wakaja askari wawili. Mmoja akasimama chini, akainua uso, akamuuliza Shangazi kama yuko salama. Shangazi hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini adabu alikuwa nayo. Mtu yuko bondeni, ametoa neno, anangoja. Akamrudishia kama lilivyo.

"Maami!" akasema askari.

"Maami!" akajibu Shangazi.

"A yu okei?"

"A yu okei!"

Askari akamtazama mwenzake. Akauliza tena, polepole, na Shangazi akarudisha tena, polepole vilevile, kwa heshima, mikono mdomoni. Mimi nilikuwa natoka kazini ghalani, naona taa za bluu mlangoni kwetu. Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha kuvunja mawe kwamba huyu mama si mgonjwa, ni simu. Ndiyo neno nililopata: huyu ni simu ya kwetu. Yule askari mzee akacheka, akavua kofia. Yule mwanamke wa ng'ambo akaja mbio na mfuko mzima wa chumvi, analia, kwa sababu tangu afike Amerika hakuna mtu aliyekuwa amemwita kwa sauti.

Siku hizi Shangazi anakaa Missouri City, karibu na Houston, kwa Furaha, ambaye anatunza wazee katika nyumba moja ya huko na amenunua nyumba yake mwenyewe. Anapenda kukaa gereji, mlango umeinuliwa, kwenye kiti cha plastiki, anasalimia magari. Mimi nateremka kutoka Fort Worth nikipata siku mbili za kupumzika. Njia ndefu, lakini nani ananizuia? Wanangu wanamsalimia kwa Kiingereza, anawajibu kwa Kiswahili, kila mmoja anabaki na lugha yake na wanapendana hivyohivyo.

Mwaka jana kijana mmoja wetu alikwenda nyumbani kuangalia, akatuletea picha zinazotembea. Nikashuka nazo Missouri City nikiwa na moto kifuani. Nikamshikia Shangazi simu aone. Kizibani pana kibanda kimoja cha askari. Mgongoni ni majani marefu, hata mawe ya moto hayaonekani. Mulimbi mianzi imeshuka mpaka kisimani. Kijiji kimekwisha. Ila pale kwa Mzee Bulambo kuna nyumba moja, ina moshi, kuna maharagwe yamepandwa vizuri, mwanamke anapalilia, na watoto watatu wanakimbia.

"Unajua ni nani huyo?" nikamwambia. "Ni Amisi. Mutoto wa Kapita Lukelo. Baba yake alitunyamazia tufe, yeye amekalia mashamba yetu. Angalia maharagwe hayo!"

Aliangalia muda mrefu. "Bibi yake anafanana mutu mwema," akasema. "Mgongoni kuna nani?"

"Hakuna mtu, Shangazi. Si umeona?"

"Na chini?"

"Askari, tena wa mbali. Yuko peke yake mlima mzima. Mungu amemlipa."

"Mutoto wake akigonjwa, ataita nani?"

"Amwite baba yake kaburini."

Shangazi akageuza kiti cha plastiki akanitazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitazama hivyo, hata nilipokuwa mtoto nikivunja vibuyu vyake. Hakunisema. Aliniambia tu: "Mwana wa kaka yangu. Nitafutie namba yake."

Nilikataa. Nikakataa tena. Furaha akatoka jikoni, akasikiliza, akasema, "Mupatie Mama anachotaka, usitusumbue." Nikaipata namba kwa yule kijana.

Sasa Amisi anapigiwa kila Jumapili baada ya ibada. Mara ya kwanza hakuamini, alipojua ni nani anayempigia alikata, tukapiga tena. Shangazi anamuuliza maharagwe, anamuuliza mvua, anamwambia upande gani udongo unateleza. Mtoto mdogo akiwa na homa anamuuliza amempa nini, na jioni tunapiga tena. Na anamtaka arudie alichoambiwa. Yule mtu mzima, baba wa watoto watatu, anarudia kama sisi.

Zamani tulikuwa wengi na tulisikika kwa koo tu. Leo tuna simu zinazofika mwisho wa dunia, na mtu anaweza kukaa Arlington mwaka mzima bila jina lake kutamkwa na jirani. Nikilinganisha, naumia. Lakini siwezi kusema nimenyimwa. Niliitwa nikiwa mdogo, na sauti iliyoniita bado iko hai, inakunywa chai gerejini Missouri City na kulalamika kwamba maziwa ya huku hayana ng'ombe ndani yake.

Lukelo sijamsamehe. Mutanga naye, popote alipo, asome hapa ajue tunamkumbuka. Ila mikono ya Shangazi inatetemeka sasa, hawezi kuishika simu muda mrefu. Kwa hiyo Jumapili nikiwa huko, simu naishika mimi, karibu na sikio lake, mpaka amalize.